Sifuri, Moja na Mbili: Jinsi Programu Zinavyosoma na Kuandika Bila Kujuana

 

Madhumuni yangu leo ni kutetea jambo moja. Mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, ikiwemo Linux inayoendesha seva tunazozitegemea na Android iliyomo katika simu zenu nyingi, imedumu na kuenea kwa sababu nyingi. Mojawapo, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba programu haitakiwi kujua data inayoisoma imetoka wapi, wala ile inayoiandika inakwenda wapi. Inapewa namba, basi. Nitaeleza namba hiyo ni nini, kwa nini tatu za mwanzo zimepewa kazi maalumu, na hasara anayoipata mtu asiyezielewa. Nina hoja tano. Hazilingani urefu, na ya tatu ndiyo hasa iliyonileta.

Hoja ya kwanza: programu haishiki faili, inashika namba

Programu inapotaka kusoma faili haiendi diskini yenyewe. Inaiomba kerneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayosimamia diski, kadi ya mtandao, skrini na kibodi. Ombi hilo ni open. Linataja jina la faili na kusudi: kusoma, kuandika, au yote mawili. Kerneli inakagua ruhusa, na ikiridhika inarudisha namba ndogo, tuseme 3. Kuanzia hapo jina halina kazi tena. Programu itasema: nisomee baiti 4096 kutoka 3, andika hizi kwenye 4, sasa funga 3.

Waliofanya kazi katika ofisi za serikali watanielewa haraka nikiwatajia masjala. Ofisa hajichukulii jalada rafuni. Anapeleka ombi dirishani, na karani anaangalia kama anaruhusiwa kuliona. Kerneli ni karani wa aina hiyo, ila ni mkali zaidi, kwa sababu jalada lenyewe halitoki kamwe. Mwombaji anapewa namba, na kila anapotaka ukurasa anarudi dirishani na namba yake.

Nyuma ya namba hiyo kuna ngazi tatu. Naomba mzishike, maana nitazirudia. Ngazi ya kwanza ni jedwali la mchakato. Kila mchakato una jedwali lake, na namba ni nafasi ndani ya jedwali hilo. Ndiyo maana 3 ya mchakato mmoja haihusiani hata kidogo na 3 ya mchakato wa jirani. Kila nafasi inaelekeza kwenye ngazi ya pili, ambayo nitaiita kumbukumbu ya ufunguzi. Hii inatunzwa na kerneli, na humo ndimo imeandikwa kama faili lilifunguliwa kwa kusoma au kuandika, na sasa umefika baiti ya ngapi. Kumbukumbu ya ufunguzi nayo inaelekeza ngazi ya tatu, yaani ainodi: faili lenyewe, na ukubwa wake, mwenye faili, ruhusa zake na mahali data ilipo diskini.

Mtu anaweza kuuliza ngazi ya pili ni ya nini. Kwa nini mahali ulipofika kusiandikwe kwenye jedwali la mchakato moja kwa moja? Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Dennis Ritchie, ambaye pamoja na Ken Thompson alianza kazi ya Unix katika maabara za Bell mwaka 1969 kwenye mashine ya PDP-7, ameeleza kilichowapata. Walikuwa na faili lenye amri mbili, ls na who, na walitaka matokeo ya zote mbili yaandikwe kwenye faili moja. Amri ya kwanza iliandika vizuri. Ya pili, ikiwa ni mchakato mwingine, ilianza tena kwenye baiti ya sifuri na kuyafuta maandishi ya mwenzake. Dawa ikawa kukitoa kile kipimo cha mahali ulipofika ndani ya mchakato na kukiweka kwenye jedwali la mfumo mzima, ili wanaorithi namba moja wasogee pamoja. Ngazi ya pili ililetwa na hitilafu halisi, na mpaka leo kazi yake ni hiyohiyo.

Kuna kanuni moja ndogo ya kukamilisha picha: open hurudisha daima namba ndogo kuliko zote zilizo huru. Ukifunga 0 kisha ukafungua faili, faili hilo litakaa kwenye 0.

Hoja ya pili: tatu za mwanzo ni makubaliano

Namba 0 ni ingizo sanifu, mahali programu inaposoma. Namba 1 ni tokeo sanifu, inapoandika matokeo. Namba 2 ni mkondo wa makosa. Kerneli haioni tofauti yoyote kati ya hizi na 3 au 57. Heshima ya hizi tatu ni makubaliano kati ya sheli, yaani programu inayopokea amri tunazoandika, maktaba za lugha za kompyuta na sisi tunaoandika programu. Wazo la kutumia namba badala ya jina la kifaa lilikuwepo hata kabla ya Unix: waandishi wa FORTRAN kwenye mashine za IBM walizoea kusoma kadi kwa namba 5 na kuchapa kwa namba 6. Unix ilichoongeza ni urahisi wa kubadilisha kilicho nyuma ya namba bila kumgusa mwandishi wa programu wala kuijenga upya.

Urahisi huo unatokana na namna michakato inavyozaliwa. Mchakato mpya hupatikana kwa fork, ambayo humnakili mzazi pamoja na jedwali lake lote la namba. Kisha exec huweka programu nyingine ndani ya mtoto huyo, na jedwali hubaki lilivyo, isipokuwa kwa namba zilizowekewa alama ya kufungwa wakati wa exec. Kati ya fork na exec kuna kipindi kifupi sana, na ndani ya kipindi hicho sheli hufanya kazi yake kubwa. Mkiandika:

sort < majina.txt > mpangilio.txt

sort yenyewe haizioni alama hizo mbili. Mtoto wa sheli, akiwa bado ni nakala ya mzazi wake, anafungua majina.txt na kuliweka kwenye 0, anafungua mpangilio.txt na kuliweka kwenye 1, ndipo anapoita exec. sort inaanza, inasoma 0 mpaka data iishe, inaandika 1, inamaliza. Mwaka 1983 toleo la 4.2BSD la Berkeley lilipoleta soketi za mtandao, soketi nazo zilipewa namba zilezile. Programu iliyoandikwa kabla mwandishi wake hajawazia mtandao ikaweza kumwandikia mtu aliye bara jingine bila kubadilishwa mstari hata mmoja.

Hoja ya tatu: matokeo na malalamiko yasipite njia moja

Mwanzoni mkondo wa makosa haukuwepo. Kulikuwa na 0 na 1 tu, na programu iliyokwama iliandika malalamiko yake palepale ilipoandika matokeo. Kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine hilo halikusumbua, kwa sababu vyote vilimfikia machoni. Tatizo lilijitokeza pale tokeo lilipoanza kwenda kwingine.

Stephen Johnson, aliyekuwa mtafiti katika maabara hizo za Bell kule Murray Hill, New Jersey, amesimulia ilivyokuwa. Maabara ilikuwa na mashine ya kupanga chapa kwa mwanga. Karatasi ikishatoka ilibidi ipitishwe taratibu kwenye mashine nyingine ya kusafishia, yenye harufu mbaya, na mtu asubiri dakika kadhaa kabla maandishi hayajaonekana. Alasiri moja watu kadhaa walipatwa na jambo moja: walisubiri, karatasi ikatoka, na juu yake kukawa na mstari mmoja tu uliochapwa kwa herufi nzuri sana, ukisema kwamba faili fulani halikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yakawafikia wenye uwezo wa kurekebisha, na baada ya siku chache mkondo wa makosa ukazaliwa.

Tuutazame mkondo huo ukifanya kazi. Chukueni faili wilaya.txt, ambamo kila mstari ni jina la wilaya anakotoka mwombaji mmoja wa mkopo. Tunataka kujua kila wilaya ina waombaji wangapi, yenye wengi ianze:

sort wilaya.txt | uniq -c | sort -rn > ripoti.txt

Sasa tuseme aliyeandika amri amekosea jina la faili. sort ya kwanza italalamika kwamba faili halipo. Kwa kuwa lalamiko linapita kwenye 2, na 2 haikuguswa na bomba, yaani alama ya |, wala na alama ya >, linajitokeza kwenye skrini, na ripoti.txt inabaki tupu. Lingepita kwenye 1, uniq ingelipokea kama jina la wilaya, ingelihesabu, na ripoti ingemfikia mkurugenzi ikiwa na wilaya moja yenye mwombaji mmoja, wilaya isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Faili tupu humfanya mtu aulize. Faili lenye takwimu ya uongo linasainiwa na kupelekwa mbele. Ndiyo maana naipa hoja hii uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo maana napinga kwa nguvu tabia ninayoikuta mara kwa mara katika programu zinazoandikwa hapa kwetu, ya kutupia kila kitu kwenye 1: maonyo, salamu, taarifa kwamba kazi imefika nusu. Kwenye 1 pite kile tu ambacho programu inayofuata inakihitaji. Kingine chote kipite 2.

Tukiwa hapohapo, kuna mambo mawili yanayowachanganya watu, nami nisingependa muondoke nayo.

La kwanza ni mpangilio wa alama. Amri hizi mbili hazifanani:

programu > ripoti.txt 2>&1
programu 2>&1 > ripoti.txt

Sheli inazisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Katika amri ya kwanza, 1 inaelekezwa kwenye ripoti.txt, kisha 2 inanakili kile kilichopo kwenye 1 kwa wakati huo, na vyote viwili vinaingia kwenye ripoti. Katika ya pili, 2 inanakili 1 wakati 1 bado ni skrini, halafu 1 peke yake inahamia kwenye faili. Makosa yanabaki kwenye skrini. Hapa hakuna la kukariri kwa mtu anayekumbuka kwamba 2>&1 ni kunakili nafasi ya jedwali. Naona kijana mmoja pale nyuma anauliza kwa mikono kwa nini tusiandike tu > ripoti.txt 2> ripoti.txt. Swali zuri sana, na jibu liko kwenye ngazi ya pili. Ukifanya hivyo faili linafunguliwa mara mbili, kunakuwa na kumbukumbu mbili za ufunguzi, kila moja na hesabu yake ya mahali ilipofika, na zitaandikiana juu. Ni hitilafu ileile ya ls na who. Ukinakili kwa 2>&1, kumbukumbu ni moja na zinasogea pamoja.

La pili ni bafa. Maktaba ya lugha ya C, na nyingi zilizoifuata, haipeleki kila herufi kwa kerneli papo hapo. Kama 1 ni skrini, inakusanya mpaka mwisho wa mstari. Kama 1 ni faili au bomba, inakusanya mpaka bafa ijae, mara nyingi baiti elfu kadhaa, ndipo inapeleka. Mkondo wa 2 haukusanyi kitu: ujumbe unatoka hapohapo. Kwa hiyo mtu anaendesha programu yake kwenye skrini na kila kitu kinatoka kwa mpangilio, kisha anaielekeza kwenye faili na kukuta makosa yametangulia matokeo yaliyoandikwa kabla yake. Mwingine anaangalia faili la logi, halioni likikua, anahukumu kwamba programu imekwama na kuizima, kumbe mistari ilikuwa kwenye bafa na sasa imepotea kabisa. Kabla ya kuilaumu programu, ulizeni kwanza 1 imeelekezwa wapi.

Hoja ya nne: bomba

Hii nitaipitia upesi. Douglas McIlroy aliandika waraka mwaka 1964 akitaka kuwe na njia ya kuunganisha programu moja na nyingine, na mwaka 1973 Thompson aliingiza bomba kwenye Unix. Ombi la pipe hurudisha namba mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuandikia. Sheli inazaa watoto wawili, mmoja anaweka upande wa kuandikia kwenye 1 yake, mwingine anaweka upande wa kusomea kwenye 0 yake. Katika Linux ya leo bomba la kawaida huchukua baiti 65,536. Likijaa, mwandishi analazwa mpaka msomaji apunguze. Likiwa tupu, msomaji analazwa. Kasi zao zinapatana bila yeyote kuandika hata mstari mmoja wa kuzipatanisha.

Msomaji anajua data imeisha pale namba zote za kuandikia zinapofungwa, na hapa ndipo wanafunzi wanapokwama. Mzazi akisahau kufunga nakala yake ya upande wa kuandikia, msomaji atasubiri milele, kwa sababu kerneli inaona bado yupo anayeweza kuandika. Kinyume chake, msomaji akiondoka mapema, kama head inavyofanya ikishapata mistari yake, mwandishi atapelekewa ishara iitwayo SIGPIPE, ambayo kwa kawaida humsimamisha. Hivyo kazi isiyo na mlaji haiendelei bure.

Hoja ya tano: namba zinaisha, na namba zinashikilia

Jedwali la mchakato lina kikomo. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, mchakato uliruhusiwa mafaili 15. Katika toleo la saba, 20. Kwenye Linux kikomo cha kuanzia ambacho wengi wenu mtakikuta ni 1024. Inaonekana ni nyingi, mpaka tukumbuke kwamba kila mteja aliyeunganishwa kwenye seva ni soketi, na kila soketi ni namba. Seva isiyofunga namba za wateja walioondoka itafanya kazi asubuhi, itafanya kazi mchana, kisha itaanza kuwakataa watu kwa ujumbe kwamba mafaili yaliyofunguliwa yamezidi. Wengi hukimbilia kupandisha kikomo kwa ulimit. Kama wateja kweli ni wengi, hiyo ni sahihi. Kama namba zinavuja, mmeahirisha tatizo mpaka kesho kutwa. Orodhesheni kwanza yaliyomo kwenye /proc, katika saraka ya fd ya mchakato husika: kila namba iko pale na kinachoelekezwa nayo. Mkiona soketi mamia ambazo hakuna anayezitumia, mmepata jibu.

Na sasa mkasa ambao ndugu wasimamizi wa mifumo mliomo humu mmewahi kuuona. Diski imejaa. Msimamizi anakuta faili la logi kubwa kupita kiasi, analifuta kwa rm, anaangalia tena kwa df, na diski bado imejaa. Anahesabu mafaili kwa du, jumla haifikii hata nusu. Hakuna kilichoharibika. rm iliondoa jina, na jina si faili. Ainodi na data yake hubaki mpaka jina la mwisho liondoke na namba ya mwisho ifungwe, na seva inayoandika logi ile bado ina namba yake wazi. Amri ya lsof +L1 itawaonyesha mafaili ya aina hiyo, na mchakato unaoyashikilia. Ukiufanya mchakato ulifungue logi lake upya, nafasi inarudi mara moja. Kama hauwezi kusimamishwa, mnaweza kulifupisha faili hilo hadi sifuri kupitia ile saraka ya fd.

Ndugu zangu, mambo haya yana umri wa nusu karne, na bado yanasonga. Anayeendesha programu zake ndani ya kontena leo huambiwa aandike logi zake kwenye 1 na 2 tu, kisha mfumo unaozunguka kontena utazikusanya; ni mkataba uleule wa sort, umehamishiwa kwenye vituo vikubwa vya data. Mwaka 2012 FreeBSD 9 ilitoka na Capsicum, kazi iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ambayo mchakato ukiingia katika hali yake maalumu hauwezi tena kufungua faili kwa kutaja jina lake tu popote lilipo. Unabaki na namba ulizokwisha kupewa na haki zilizoambatishwa kwenye kila namba. Namba imekuwa kibali. Mwaka 2019 Linux ilianza kuipa michakato yenyewe namba za aina hii, ili anayetuma ishara awe na hakika inamfikia mlengwa na si mchakato mwingine uliorithi kitambulisho chake.

Ninaamini huku ndiko usalama wa mifumo unakoelekea, na vijana wetu wanapaswa kuingia wakiwa na msingi. Kwa hiyo napendekeza, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aandike sheli ndogo ya kwake mwenyewe, yenye fork, exec, dup2 (ombi la kunakili nafasi ya jedwali) na pipe, kabla hajaruhusiwa kugusa zana kubwa za kuunda tovuti. Na kwamba maelezo ya zoezi hilo yaandikwe kwa Kiswahili, ili mwanafunzi ahangaike na jedwali la namba pekee, asihangaike na lugha juu yake. Rasimu ya maelezo hayo nimekuja nayo, na nitaiacha kwa katibu wa kikao. Tukijaliwa kukutana tena, nitaendelea kutoka hapa: jinsi mchakato mmoja unavyoweza kusubiri namba elfu kumi kwa wakati mmoja kwa kutumia epoll, na kwa nini seva za malipo na za ujumbe haziwezi kuishi bila jambo hilo. Kwa sasa nakaribisha maswali, nikianza na yule kijana wa nyuma, kama bado hajaridhika.